Moto Ulipo Ndipo Msiba Ulipo

Siku yangu ya kwanza kazini nilikaripiwa kabla sijafungua mdomo. Ilikuwa Kagoma, wilayani Muleba, kwenye msiba wa mzee mmoja mkulima wa kahawa. Chama kilikuwa kimenichukua niwe mhamasishaji, yaani mtu wa kuimba, kupiga vigelegele na kuwachangamsha watu kabla mgombea udiwani hajasimama kusema. Nilikuwa na sauti, na nilijijua kuwa ninayo. Nikavaa kitenge cha chama, nikafika pale na furushi la vipeperushi kwapani, nikaenda kukaa kiti cha mbele kabisa.

Katibu wa Kata, mwalimu mstaafu aliyekuwa mkuu wangu wa kwanza, alinishika mkono akanirudisha mpaka njiani.

"Paskazia, umekuja na nini hapa?"

"Vipeperushi, Katibu."

"Wafiwa watapika vipeperushi?"

Akaniambia nirudi nyumbani, nikavue kile kitenge, nikate mkungu wa ndizi, nije nao kichwani kama wanawake wenzangu. Niliporudi alikuwa ananisubiri palepale. Akanionyesha mahali pa kukaa, ndani, kwenye nyasi zilizotandazwa sakafuni kwa ajili ya wafiwa. "Kwanza nyasi, halafu mdomo," akasema. "Na wakikuomba useme, sema pole. Kura ataiomba mgombea kwenye mkutano wake. Hapa anaomboleza."

Jioni ile, tukirudi kwa miguu, alinifundisha la pili. Huku kwetu, mtu akifa, moto huwashwa uani, wanaume wakauzunguka, na maadamu unawaka hakuna jembe linalogusa ardhi kwa majirani wote. Anayelima hapandi, anayejenga hachimbi msingi. Jembe pekee linaloruhusiwa ni la kaburi. "Moto ulipo ndipo msiba ulipo," alisema Katibu. "Hata serikali ikija na trekta, itangoja. Ukiliheshimu hilo, mwanangu, utafanya kazi hii mpaka uzeeke."

Nimeifanya mpaka nimezeeka. Na ninaandika haya nikiwa na hasira. Sitaki mtu aseme kwamba ni uzee umenifanya mkali, kwa sababu hata ningekuwa binti ningekasirika vilevile.

Vijana mnaoingia kwenye siasa leo mnadhani kampeni ni gari na spika. Niwaeleze ilivyokuwa. Kulikuwa na mkutano wa hadhara, wa uwanjani, na huo ulikuwa mapambo tu. Kura zilipatikana kwenye mikutano ya ndani, sebuleni kwa mtu, watu wachache wakiuliza maswali magumu na mgombea akitokwa jasho. Kulikuwa na nyumba kwa nyumba, ambako unaingia kibanjani kwa mtu, shamba lake la migomba na kahawa, unasalimu kwa Kihaya, "Nyegera waitu", unaletewa kikapu kidogo cha mwani, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa, unatafuna kwanza ndipo unaeleza kilichokuleta. Nilikuwa na mgombea mmoja msomi aliyekataa mwani akisema meno yake hayawezi. Nikamwambia, "Basi na udiwani hutauweza." Alishindwa vibaya, na nilifurahi, ingawa nilikuwa upande wake.

Kutoka Kagoma nilihamishiwa Bukoba mjini, Kibeta, nikapandishwa kuwa mratibu. Mratibu ndiye anayepanga ratiba, anayechagua mawakala wa kusimamia kura kituoni, na anayemwambia mgombea ukweli wakati wapambe wake wanamwambia anapendwa. Mkuu wangu pale alikuwa Mwenyekiti wa Tawi, fundi cherehani, Mwislamu, mtu wa maneno machache. Jumapili alinituma kanisani, kwenye mnada unaofanyika nje baada ya misa, pale kuku na mikungu iliyotolewa sadaka inaponadiwa. "Usinunue kitu," alinionya. "Sikiliza nani anamsema nani." Ijumaa alikwenda yeye msikitini, tukikutana tunaunganisha. Hivyo ndivyo tulivyojua nani kafiwa, nani kaporwa mpaka, nani mwanawe kafukuzwa shule. Tulikwenda kwao kwa sababu walikuwa na shida. Kweli, tulitaka kura pia, wala sitajifanya malaika. Lakini tulifika na ndizi, tukakaa kwenye nyasi.

Halafu ikaja takrima. Neno zuri, lina harufu ya ukarimu, na lilikuwa jina tu la rushwa iliyooga. Kwanza ilikuwa sukari na chumvi. Baadaye kofia na kanga. Mwishowe wakagundua kwamba watu wa Bukoba hawakosi msibani, hata wawe na shughuli gani, basi wakahamishia kampeni huko. Katibu wa Wilaya mpya aliyeletwa kutusimamia, kijana nadhifu mwenye simu mbili, alituita kwenye semina akatuambia, "Msiba ni mkutano ambao hamkuugharamia." Watu wakacheka. Niliangalia nani anacheka, na wengi walikuwa watu niliowafundisha kazi.

Sasa niingie kwenye lile lililonitoa kazini. Ilikuwa uchaguzi wa serikali za mitaa, katika mtaa mmoja pembezoni mwa mji ambao sitautaja. Mgombea wetu wa uenyekiti wa mtaa alikuwa Ma Leokadia, mke wa Ta Laurean (Ma na Ta kwetu ni mama na baba), mwanamke aliyezoeleka kwenye masufuria ya misiba ya mtaa mzima. Uenyekiti wa mtaa ni cheo kidogo, lakini ndiye anayeshika muhuri. Ukiuza kiwanja, mauziano huandikwa mbele yake na anagonga. Mwenyekiti aliyekuwapo alikuwa akigonga tu. Wajane walikuwa wakiamka asubuhi wanakuta shemeji ameuza nusu ya kibanja, muhuri umekauka zamani. Ma Leokadia alikuwa na ahadi moja, na aliirudia kila sebule tuliyoingia: "Muhuri haugongwi mpaka mke au mjane aketi mezani na akubali." Hakuahidi barabara wala maji. Wanaume wengine walikunja uso. Wanawake walimwitikia kwa kichwa, taratibu, na mimi niliyezoea kuhesabu vichwa nilijua tunashinda.

Kampeni za mtaa ni wiki moja tu. Katikati ya wiki hiyo Ta Laurean alianguka kibanjani akipunguza majani ya migomba, na hakuinuka. Ma Leokadia akavuliwa viatu, akakalishwa kwenye nyasi. Kwa desturi yetu mjane hatoki mpaka msiba uishe, na haongei na wageni zaidi ya kupokea pole. Mgombea wangu alikuwa amefungwa mdomo na kifo cha mumewe, na siku ya kura ilikuwa inakaribia.

Katibu wa Wilaya alinipigia simu kabla hata mwili haujaoshwa.

"Mama, bahati imetuangukia."

"Bahati gani, Katibu?"

"Mjane! Nani atamnyima mjane kura? Panga watu wetu wavae fulana, nitaleta spika."

Nilikata simu. Sikuwa nimewahi kumkatia simu mkuu wangu katika maisha yangu.

Sikujua kwamba upande wa pili ni wabaya zaidi. Mpinzani wetu, mfanyabiashara wa viwanja, alifika na lori. Likashusha turubai jipya jeupe lenye picha ya uso wake kila pembe, viti vya plastiki, masufuria makubwa na spika mbili. Aliyewapokea ni Deo, mdogo wake marehemu. Uwanja wa mbele ulikuwa mdogo, kwa hiyo vijana wake wakakata migomba mitatu yenye mikungu michanga ili turubai lienee. Migomba ya Ta Laurean, aliyoipanda mwenyewe, ikalala chini mwenye nayo hajazikwa. Nilisimama pale nikasema, "Deo, unaona wanachofanya?" Akanijibu bila kunitazama, "Ma Paskazia, msaada haukataliwi."

Kisha yule mfanyabiashara akapewa nafasi ya salamu za rambirambi. Alianza kwa pole, kama wote wanavyoanza. Baada ya hapo akashika kipaza sauti vizuri akasema, "Marehemu alikuwa rafiki yangu. Aliniambia kwa mdomo wake, huu mtaa unahitaji mwanamume mwenye uwezo." Ta Laurean! Mtu aliyekuwa akimsindikiza mkewe kwenye kila mkutano, akikaa nyuma na kofia magotini. Ndani, kwenye nyasi, Ma Leokadia alisikia kila neno. Nilimwona akiuma upindo wa kanga yake. Desturi ilimkataza kujibu, na yule mshenzi alijua.

Aliyejibu ni Bi Zaituni. Huyu ndiye mwenyekiti wa kikundi cha kuzikana cha mtaa, mama wa Kiislamu, mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza. Kikundi hicho kina Wakatoliki na Waislamu pamoja, kina turubai lake lililojaa viraka, masufuria yake meusi na sepetu zake. Mwanachama akifa, hivyo ndivyo vinavyomzika. Kumletea turubai la nje ni kusema kwamba majirani zake wameshindwa kumstiri. Bi Zaituni alipita katikati ya viti, akafika kwenye moto uani, akainama akachomoa gogo lililokuwa linawaka.

"Bi mkubwa, unakwenda wapi na moto?" akauliza Deo.

"Ninaupeleka kwenye msiba. Hapa naona mkutano."

Akaondoka nalo, moshi ukimfuata, akateremka mpaka nyuma ya nyumba, upande wa chini wa kibanja, mahali ambapo kaburi lilikuwa limechaguliwa. Wanawake wa jikoni wakabeba masufuria. Wazee wakatazamana, kisha mmoja akainuka, akachukua gogo lake naye. Wakafuata wote. Turubai la viraka likafungwa kwenye migomba kwa kamba za makonge, nyasi zikatandazwa, moto ukawaka. Mfanyabiashara alibaki chini ya sura zake nne na kipaza sauti mkononi, viti vitupu mbele yake. Nimefanya kampeni miaka mingi, sijaona mkutano ukivunjwa vizuri namna ile.

Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Kesho yake Deo, akisema kwa niaba ya ukoo, alitangaza kwamba mazishi yatakuwa siku ileile ya kupiga kura, kwa sababu kijana wa marehemu anasubiriwa kutoka Dar es Salaam. Yule kijana alikuwa amekaa pale karibu na moto, begi lake bado lina vumbi la safari. Alitaka kusema, baba zake wadogo wakamfinya. Bi Zaituni akasema, "Sisi Waislamu tungeshamzika jana." Siku ya mazishi wanaume wa kikundi wako kaburini tangu alfajiri na wanawake wako jikoni. Na kituo cha kura, shule ya msingi ng'ambo ya kilima, hufungwa alasiri. Waliompenda Ma Leokadia ndio waliokuwa na kazi. Wasiompenda walikuwa na nafasi ya kupiga kura asubuhi, waoge, waje kuzika.

Mimi na Bi Zaituni tukapanga. Nusu ya wapishi watangulie kituo kikifunguliwa, wakirudi waende wengine, vivyo hivyo na wachimbaji. Ma Leokadia mwenyewe angebaki kwenye nyasi, kura yake tulishaihesabu kuwa imepotea. Zamu ya kwanza ilikwenda, ikarudi na wino vidoleni. Zamu ya pili walikuwa wananawa mikono waondoke. Hapo ndipo tukasikia muziki.

Katibu wetu wa Wilaya alikuja na gari la matangazo, akaliingiza mpaka kwenye ukingo wa kibanja. Wachimbaji walikuwa wamefika kiunoni. Akapanda juu ya udongo uliochimbuliwa, na viatu vyake vya kung'aa, akasema kwenye spika, "Ndugu zangu, kura kwanza, kaburi baadaye! Marehemu hana haraka!"

Mzee mmoja ndani ya shimo aliegemeza sepetu akamwuliza, "Umesema nani hana haraka?" Nilimvuta Katibu suruali ashuke, akanisukuma mkono. Wale wanaume wakamtazama, wakatazamana, wakarudi kuchimba. Nikawasihi. Nikawaambia, "Bojo, tafadhali, msimwangalie huyu, nendeni kwa ajili ya Ma Leokadia." Mzee yule akanijibu kwa upole, "Ma Paskazia, tukienda sasa hivi tutakuwa tumemtii yeye." Na wanawake wa zamu ya pili wakafunga tena kanga viunoni, wakarudi kwenye masufuria.

Ta Laurean alizikwa vizuri, kwa mikono ya majirani zake. Na Ma Leokadia alishindwa kwa kura chache ambazo nilikuwa nazijua kwa majina na kwa sura, kwa sababu zilikuwa pale mbele yangu zinafukia kaburi.

Jioni Katibu alinilaumu. "Mama, watu wako wametuangusha. Washamba hawajui kipaumbele."

"Katibu," nikamwambia, "nimefundishwa kazi hii na mtu aliyenirudisha nyumbani kukata ndizi. Wewe hakuna aliyekurudisha, na hiyo ndiyo hasara yetu." Nikamrudishia fulana ya chama na kipaza sauti cha kazi. Hivyo ndivyo nilivyostaafu. Hakukuwa na keki wala hotuba ya kuniaga.

Watu huniuliza kama namchukia zaidi mfanyabiashara au Katibu. Mfanyabiashara alikuwa adui, na adui unamtegemea awe mbaya. Kikulacho ki nguoni mwako. Yule wa kwangu alisimama juu ya udongo wa kaburi la mume wa mgombea wake, akaomba kura. Mpaka leo nikikutana naye mjini nampa salamu, kwa kuwa nimelelewa, lakini mdomo unakuwa mchungu.

Mnadhani yaliishia hapo. Kabla hata msimu wa senene haujafika, Deo aliuza upande wa chini wa kibanja. Ule ule wenye kaburi. Hakumwambia shemeji yake wala watoto. Muhuri aligonga mwenyekiti mpya wa mtaa, yule yule mfanyabiashara, na mnunuzi, kwa mzunguko wa ndugu na marafiki, alikuwa mtu wake. Ndipo nilipoelewa kwa nini lori lilikuja haraka na kwa nini mazishi yalingoja mtoto aliyekwisha kufika. Ma Leokadia alitaka kiti kile ili mjane asifanyiwe hivyo. Walimzuia kukipata, kisha wa kwanza kufanyiwa akawa yeye.

Alikuja kwangu, akakaa, akakataa hata maji. "Ma Paskazia," akaniambia, "mimi sina tena kampeni. Nina kaburi." Tulimpeleka kwa msaidizi wa sheria, shauri likafunguliwa, na shauri kama mnavyojua hutembea kwa magoti. Wao hawakungoja. Siku moja asubuhi mwenyekiti wa mtaa alifika na mnunuzi, fundi wa kupima na vigingi vya kugongea ardhini.

Walitukuta tumekaa. Turubai la viraka limefungwa kwenye migomba, nyasi zimetandazwa kuzunguka kaburi, masufuria yako mafigani, na moto unawaka. Wanawake wa kikundi wote walikuwapo, na wale wachimbaji, wamevua kofia. Hakuna aliyepiga kelele wala kuimba, hata mimi mwenye sauti.

Mwenyekiti akasimama. "Mama zangu, hapa kuna nini?"

"Msiba," akasema Bi Zaituni.

"Nani amekufa?"

Ma Leokadia ndiye aliyemjibu. Sasa hakuna desturi iliyomfunga mdomo. "Kaa kwanza kwenye nyasi, mheshimiwa, ndipo uulize."

Hakukaa. Sidhani kama alijua namna ya kukaa. Akamgeukia fundi wa kupima, kijana wa kwetu, mtoto wa Mhaya, akamwambia aanze kugonga vigingi. Fundi akautazama moto, akatutazama sisi, akaweka nyundo chini. "Samahani, mzee," akasema. "Ardhi yenye msiba mimi siigusi. Mama yangu atanilaani." Akavua kofia, akaja akakaa karibu na wachimbaji, na mmoja akamsogezea mwani.

Wamekuja mara nyingine, na mafundi wengine, na kila mara wamekuta moto. Shauri bado liko kwenye baraza la ardhi. Sisi tumegawana zamu: mmoja analeta kuni, mwingine ndizi, mwingine anakaa. Vijana mnaotaka udiwani mnakuja kuniomba mbinu za kampeni, na mimi nawaambia njooni na mkungu kichwani, mtapata pa kukaa. Wengi hawarudi.

Leo kuni ni zamu yangu, na mvua inanukia. Acha nikazifunge.